Kuchagua Programu za DHCP na DNS katika Ngome ya Mtandao

Kila kifaa kinachojiunga na mtandao huhitaji vitu viwili kabla ya kufungua ukurasa wowote: anwani ya IP, na mahali pa kuuliza jina fulani lina anwani gani. Hitaji la kwanza hutimizwa na huduma ya DHCP, la pili na DNS. Katika nyumba, shule, hoteli na ofisi nyingi, huduma zote mbili huendeshwa na mashine ileile inayolinda mlango wa mtandao, yaani ngome ya mtandao. Ngome za programu huria kama OPNsense na pfSense humpa msimamizi zaidi ya programu moja kwa kila kazi. Kwa DHCP kuna Kea na ISC DHCP ya zamani, na katika OPNsense pia Dnsmasq. Kwa DNS kuna Unbound, Dnsmasq na BIND.

Upya wa programu au wingi wa uwezo wake si kigezo kizuri cha kuchagulia. Vigezo vinavyofaa ni idadi ya vifaa, idadi ya ngome, haja ya majina ya ndani, na aina ya laini ya intaneti. Tena, kwa kuwa majina ya ndani hutokana na anwani zilizogawiwa, programu ya DHCP na ya DNS huchaguliwa kwa pamoja. Anayechagua moja leo na nyingine mwezi ujao huishia na mtandao ambao printa ina anwani lakini jina lake halijulikani.

Kuondoka kwa ISC DHCP

Kwa zaidi ya miaka ishirini, seva ya ISC DHCP ilikuwa chaguo la kawaida katika mifumo ya Unix, na ngome hizi ziliirithi. Mwishoni mwa mwaka 2022, shirika lisilo la faida la Internet Systems Consortium, ambalo ndilo mwenye programu hiyo, lilitangaza kwamba halitaitunza tena. Shirika hilohilo lilikuwa limeshaandika mrithi wake, Kea, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2015.

Ngome zilifuata kwa mwendo tofauti. pfSense iliweka Kea kama chaguo la hiari katika matoleo ya Novemba 2023. OPNsense iliiingiza katika toleo la 24.1 la Januari 2024, kisha katika toleo la 25.7 la Julai 2025 ikaifanya Dnsmasq kuwa seva ya DHCP ya kawaida kwa usakinishaji mpya. Mwenye ngome ya zamani anaweza kukuta ISC DHCP bado inafanya kazi vizuri, na hakuna haja ya kuing'oa usiku huohuo. Ila programu isiyotunzwa hairekebishwi kasoro ya usalama inapogunduliwa. Kuhama kupangwe wakati mtandao ni mzima, kabla ya dharura kulazimisha.

Kazi nne zenye kuchanganywa

Mkanganyiko mwingi huisha kazi zinapotenganishwa. Ya kwanza ni kugawa anwani, ambayo ni DHCP. Ya pili ni kujibu majina ya ndani: seva ya mafaili, kamera ya lango, printa ya uhasibu. Ya tatu ni kutafuta majina ya nje, yaani tovuti na huduma za duniani kote. Ya nne ni kutangaza majina ya kikoa chako kwa ulimwengu.

Kazi ya nne si ya ngome hata kidogo. Seva inayojibu maswali ya DNS kutoka kwa yeyote aliye nje hushambuliwa kila siku, na hutumiwa kuelekeza mafuriko ya pakiti kwa watu wengine. Kikoa cha umma kikae kwa mtoa huduma wa DNS au kwenye seva yake yenyewe. Zinabaki kazi tatu, na programu zinazojadiliwa hapa hutofautiana kwa namna zinavyozigawana.

Dnsmasq

Dnsmasq iliandikwa na Simon Kelley na imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Imo ndani ya ruta nyingi ndogo za nyumbani, ikiwa ni pamoja na zinazotumia OpenWrt. Programu moja hufanya DHCP na DNS kwa pamoja, na hapo ndipo ilipo faida yake kubwa: kifaa kinapopewa anwani, jina lake hutambulika papo hapo bila programu mbili kupelekeana taarifa. Laptopu ikijitambulisha kuwa «mapokezi», anayeuliza mapokezi.internal hupata jibu.

Uwezo wake una mipaka inayojulikana. Kwa kawaida huruhusu anwani 1,000 zilizoazimwa kwa wakati mmoja, na ingawa kikomo hicho hubadilishwa, kinaonyesha programu ilikusudiwa mitandao ya ukubwa gani. Mbili zikiendeshwa kwenye ngome mbili, haziambiani zimegawa anwani zipi. Kwa upande wa DNS, Dnsmasq haitafuti majibu yenyewe kuanzia mzizi wa DNS. Hupeleka swali kwa kitatuzi kingine, yaani seva inayotafuta jibu kwa niaba yake, na kuhifadhi jibu hilo. Akiba yake ya kawaida ni majina 150 tu, kiasi kidogo kwa ofisi yenye watu wengi, hivyo iongezwe kama Dnsmasq ndiyo itakayojibu maswali yote.

Januari 2021 kasoro saba za usalama zilitangazwa kwa jina la DNSpooq, baadhi zikimwezesha mshambuliaji kupenyeza majibu ya uongo kwenye akiba. Zilirekebishwa katika toleo la 2.83. Tukio hilo halikuwa sababu ya kuiacha Dnsmasq, maana hakuna programu ya DNS isiyowahi kukutwa na kasoro. Lilionyesha hatari ya ruta zisizopata masasisho, na ngome inayosasishwa mara kwa mara ina nafuu hapo.

Kea

Kea ilijengwa kwa ajili ya mitandao mikubwa. DHCP ya IPv4 na ya IPv6 ni huduma mbili zinazojitegemea, mipangilio huandikwa kwa mtindo wa JSON, na mabadiliko mengi huingizwa bila kuizima. Kumbukumbu za anwani zinaweza kukaa kwenye faili la kawaida au kwenye hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL.

Sifa inayowavutia wengi ni kuendesha seva mbili zinazopashana habari. Seva ya kwanza ikigawa anwani, ya pili huarifiwa. Ya kwanza ikianguka, ya pili huendelea ilipoishia. Mwenye ngome mbili zinazopokezana kazi, kama hospitali au chuo, hapa ana sababu ya kweli ya kuichagua Kea.

Wengi huitaka sifa hiyo bila kuihitaji. DHCP ikizimika kwa saa moja, vifaa vilivyokwisha kupewa anwani huendelea kufanya kazi. Kwa kawaida kifaa hujaribu kuongeza muda nusu ya muda inapopita, hurudia kwa seva yoyote inapofika asilimia 87.5, na huiacha anwani muda wote unapokwisha. Kwa anwani ya saa 24, kuna takriban nusu siku ya kurekebisha tatizo kabla ya kifaa cha zamani kukatika. Wanaoathirika mara moja ni wageni wapya. DNS haina subira hiyo, kwani ikizimika malalamiko huanza ndani ya dakika chache. Mwenye ngome moja hafaidiki na sifa ya seva mbili, maana ngome ikizimika, intaneti yenyewe imezimika.

Udhaifu wa Kea katika ngome umekuwa kwenye majina. Ilipoingia OPNsense, iliweza kuipa Unbound majina ya vifaa vyenye anwani zilizotengwa, si ya vifaa vinavyochukua anwani yoyote iliyo wazi. pfSense nayo ilianza na Kea isiyosajili majina, kisha ikaongeza uwezo huo katika matoleo ya baadaye. Kabla ya kuichagua, msimamizi asome maelezo ya toleo alilonalo kuhusu jambo hili moja. Kama majina ya vifaa vya kupita hayahitajiki, upungufu huo si kitu.

Unbound

Unbound hutengenezwa na NLnet Labs ya Uholanzi, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2008. Ni kitatuzi kamili: huanza kwenye seva za mzizi, huenda kwa wenye kikoa cha juu kama .tz au .com, kisha kwa wenye jina lenyewe, na kuhakiki njiani sahihi za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu halikubadilishwa. Kwa kazi ya tatu, ya kutafuta majina ya nje, ndiyo inayofaa ngome nyingi, na ndiyo ya kawaida katika OPNsense na pfSense.

Uamuzi mkubwa ni kama Unbound itafute yenyewe au ipeleke maswali kwa kitatuzi cha nje. Ikitafuta yenyewe, hakuna kitatuzi cha kampuni nyingine kinachoona maswali yote wala kubadili majibu. Laini ya waya au ya simu yenye kasi ya kawaida huimudu kazi hiyo bila taabu, kwa kuwa nakala za seva za mzizi zimesambazwa duniani, zikiwamo zilizowekwa kwenye vituo vya kubadilishana trafiki kama KIXP cha Nairobi.

Hali ni tofauti kwenye setilaiti ya mbali, ile inayokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali moja kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, na jina jipya likihitaji maswali matatu au manne mfululizo, ukurasa husubiri sekunde mbili kabla haujaanza kufunguka. Huko ni afadhali kupeleka swali moja kwa kitatuzi chenye akiba kubwa upande wa pili. Setilaiti za mzunguko wa chini kama za Starlink hazina ucheleweshaji mkubwa kiasi hicho. Kwenye laini yoyote ya polepole, mipangilio miwili ya Unbound husaidia: kuyachukua upya majina yanayotumika sana kabla muda wake haujaisha, na kutoa jibu lililopitwa na muda kwa kipindi kifupi huku jipya likitafutwa.

Sababu nyingine ya kupeleka maswali nje ni mtoa huduma wa intaneti anayeyanasa. Baadhi huyakamata maswali yote ya poti namba 53 na kuyajibu wenyewe, jambo linalovuruga uhakiki wa sahihi. Dawa ni kupeleka maswali kwa njia iliyosimbwa, yaani DNS juu ya TLS kwenye poti namba 853, kwa watoa huduma kama Quad9 au Cloudflare. Jina la cheti la mtoa huduma lijazwe kwenye mipangilio. Bila hilo, mazungumzo yamesimbwa lakini hayajulikani ni ya nani. Ifahamike pia kwamba imani haikuondolewa, imehamishwa tu kutoka kwa kampuni ya intaneti hadi kwa mwenye kitatuzi.

DNSSEC hutegemea saa sahihi. Mashine ambayo betri yake ndogo ya ubao imekufa huamka baada ya umeme kukatika ikiwa na tarehe ya zamani, na sahihi zote huonekana batili. Majina hayapatikani, na kama seva ya saa imeandikwa kwa jina, saa nayo hairekebishiki. Betri ibadilishwe, na seva mojawapo ya saa iandikwe kwa anwani ya IP.

BIND na seva za Windows

BIND, ambayo pia ni ya Internet Systems Consortium, hufanya yote: hutafuta, huhifadhi, hutangaza vikoa na kunakili taarifa zake kati ya seva. Ndani ya ngome huhitajika mara chache, hasa pale taasisi ina vikoa vya ndani vinavyotunzwa kwenye seva kadhaa. Kwa mtandao wa kawaida huongeza mafaili ya kusimamia bila faida inayoonekana.

Ofisi yenye Active Directory ina hali yake. Kompyuta za Windows huzipata seva zinazosimamia kikoa kupitia rekodi maalumu za DNS, na rekodi hizo zimo kwenye seva ya Windows. Hapo ni salama kuiacha seva hiyo igawe anwani na kujibu majina, ngome ikipitisha tu maombi ya DHCP kutoka VLAN nyingine, yaani vipande vingine vya mtandao. Kama ngome ndiyo inayojibu DNS, maswali yote ya kikoa hicho cha ofisi yaelekezwe kwa seva ya Windows.

Kuziunganisha bila kugongana

Mpangilio unaofaa mitandao mingi midogo na ya kati ni huu: Unbound hukaa mbele kwenye poti namba 53 na kujibu vifaa vyote, huku Dnsmasq ikigawa anwani na kutunza majina ya ndani kwenye poti nyingine. OPNsense hutumia 53053. Unbound huelekezwa kwamba maswali ya kikoa cha ndani, pamoja na ya kugeuza anwani za ndani kuwa majina, yaende kwa Dnsmasq kwenye 127.0.0.1, poti hiyo ya 53053.

Mambo matatu huharibu mpangilio huu. La kwanza ni mzunguko: Dnsmasq isiyolijua jina hulipeleka kwa Unbound, nayo hulirudisha kwa Dnsmasq. Dnsmasq iambiwe kwamba kikoa cha ndani ni chake, na jina isilolijua ijibu kuwa halipo. La pili ni uhakiki: kikoa cha ndani hakina sahihi, hivyo kiondolewe katika masharti ya DNSSEC. La tatu ni kinga ya Unbound dhidi ya majibu yenye anwani za faragha, ambayo inaweza kuyatupa majibu halali ya ndani mpaka kikoa hicho kiruhusiwe.

Jina la kikoa lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu. Home.arpa lilitengwa kwa mitandao ya nyumbani mwaka 2018, na mwaka 2024 ICANN ilitenga .internal kwa matumizi ya faragha. Kikoa cha .local kiepukwe, kwa kuwa kimeshikwa na utaratibu mwingine ambao printa na simu hutumia kutafutana. Taasisi yenye kikoa chake inaweza kutumia tawi lake, kwa mfano ofisi mbele ya jina la kikoa.

Muda wa kuazima na IPv6

Programu nzuri haiponyi hesabu mbaya. Mtandao wa /24 una anwani 254 za kutumika. Mkahawa unaopitiwa na simu 400 kwa siku, ukiazimisha anwani kwa saa 24, utaishiwa kabla ya jioni ingawa waliopo ukumbini ni 30. Wi-Fi ya wageni ipewe saa moja au mbili. Ofisi ya watu walewale inaweza kupewa siku nzima au zaidi.

Simu za kisasa huficha anwani zao halisi za MAC, yaani za kadi ya mtandao. Android tangu toleo la 10 na iOS tangu la 14 hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao wa Wi-Fi. Kutenga anwani ya IP kwa simu kwa kutumia MAC hakuaminiki, labda mwenye simu azime uficho huo kwa mtandao husika. Utengaji ubaki kwa seva, printa, kamera na swichi.

Kwa IPv6, simu za Android hazichukui anwani kwa utaratibu wa kawaida wa DHCPv6. Hujitengenezea kutokana na matangazo ya ruta. Dnsmasq inaweza kutoa matangazo hayo yenyewe. Anayetumia Kea huhitaji programu nyingine kwa kazi hiyo, kwa kawaida radvd. Mtandao wenye simu nyingi na IPv6 usitegemee DHCPv6 peke yake.

Kuamua

Nyumba, duka, shule au ofisi yenye ngome moja na vifaa visivyofika elfu hufaidika na Dnsmasq kwa anwani na majina ya ndani, Unbound kwa majina ya nje. Mtandao wenye ngome mbili zinazopokezana, au maelfu ya vifaa, au unaotaka kumbukumbu kwenye hifadhidata, utumie Kea na Unbound, na majina muhimu yaandikwe kwa mkono. Mashine yenye kumbukumbu ndogo sana inaweza kuendesha Dnsmasq pekee, ikipeleka maswali ya nje kwa kitatuzi cha kuaminika. Wanaotumia pfSense wataikuta Kea ndiyo njia inayoendelezwa, na Unbound pembeni yake.

Kwa vyovyote, huduma hizi zisikilize upande wa ndani tu, na orodha ya wanaoruhusiwa kuuliza iwe na mitandao ya ndani pekee.

Kuhama

Kabla ya kugusa chochote, nakala rudufu ya mipangilio yote ihifadhiwe nje ya ngome. Orodha ya anwani zilizotengwa itolewe na kukaguliwa; vifaa vilivyokwisha kutupwa vifutwe. OPNsense huwezesha kuingiza orodha hiyo kwa faili la CSV, njia inayopunguza makosa ya kunakili kwa mkono. Siku moja au mbili kabla, muda wa kuazima ufupishwe hadi saa moja, ili vifaa virudi kuomba upya haraka.

Seva mbili haziwezi kushika poti namba 67 kwenye kiolesura kimoja, kwa hiyo ya zamani huzimwa kwanza, ndipo mpya iwashwe. Ni vyema kuanza na VLAN moja isiyo na uzito, kama ya wageni. Seva mpya haijui ya zamani ilimpa nani nini. Dnsmasq hupunguza hatari ya kugongana kwa kuijaribu anwani kwa ping kabla ya kuitoa. Kea haifanyi hivyo mpaka ipakiwe moduli ya kazi hiyo. Anayehamia Kea anaweza kuipa kwa siku ya kwanza safu ya anwani ambayo ISC DHCP haikuwa ikiigawa.

Majaribio yafanywe kwenye kifaa cha mtumiaji, kwa kuwa ngome hujijibu yenyewe hata pale wengine hawapati jibu. Kifaa kiachie anwani na kuomba mpya. Kisha kiulize jina la ndani, anwani ya ndani igeuzwe kuwa jina, jina la nje litafutwe, na jina lenye sahihi mbovu la majaribio, kama dnssec-failed.org, likataliwe. Vifaa vikikosa anwani, tcpdump kwenye poti 67 na 68 huonyesha kama ombi linafika na kama jibu linatoka. Yote yakipita, muda wa kuazima urudishwe ulivyokuwa, VLAN zinazobaki zifuate moja moja, na ngome iwashwe upya mara moja wakati wa kazi chache ili kuthibitisha kwamba huduma zote mbili huamka zenyewe baada ya umeme kukatika.